Mke Wangu Ndiye Mwombaji Mkuu

Mpendwa Mshauri,

Kabla sijakuomba uniokoe, pokea taarifa rasmi: meza ya kulia chakula ya nyumba yetu imestaafu. Imeitumikia familia kwa uaminifu, imevumilia sahani za moto, pasi na viwiko vya wakwe, na sasa imehamishiwa chumba cha pili na kugeuzwa ofisi. Sisi tunakula tumepakata sahani kama abiria, na hotuba ya kuiaga haikutolewa kwa sababu mke wangu alikuwa kwenye simu na mteja.

Sasa shida yenyewe. Mimi ni fundi makochi, umri wangu ni ule wa kusogeza gazeti mbali ndipo ulisome, na karakana yangu imepakana na hicho chumba, ukuta mmoja tu katikati, kwa hiyo kutwa nzima mimi nagonga misumari na yeye anatuliza watu, maana kazi yake ndiyo hiyo, ameajiriwa kwa mtandao na kampuni ya ng'ambo inayouza hita za maji, na watu wa mbali huko wakiamka wakakuta maji ya baridi wanampigia yeye, wanampayukia kama vile ndiye aliyeyapoza, naye anawajibu taratibu, kwa lugha tatu, "Nakusikia, bwana. Pole sana. Hebu tuanze pamoja, umeshaichomeka ukutani?" na yule bwana aliyekuwa ananguruma anaaga akicheka na kumuulizia hali ya nyumbani, na mimi huku nyundo iko hewani nimesahau kugonga, najiambia mwanamke huyu angekabidhiwa vita viwili vitatu angevimaliza kabla ya chai.

Basi kuna nchi moja imeanzisha kibali cha ukaazi kwa watu wa kazi kama yake, unaishi kwao huku mwajiri wako yuko nje, ilimradi humnyang'anyi mwenyeji ajira, na saa za huko zinalingana na za wateja wake, ataacha kufanya kazi wakati wenzake wamelala, na masharti yote anayatimiza, amesoma mwenyewe, ameuliza mwenyewe, anaizungumzia nchi hiyo mpaka uso unang'aa. Shida ni mimi. Kwenye kibali hicho yeye ndiye mwombaji mkuu na mimi ni mtegemezi wake, na mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi mpaka aombe kibali chake mwenyewe, na kuomba si kupata. Mshauri, mikono hii haijawahi kukaa bure hata siku ya harusi yangu. Niliinuka kumrekebishia baba mkwe kiti kilichokuwa kinayumba.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu anayejua kila kitu isipokuwa njia ya kurudi kwake akishakula kwangu, ameniambia, "Shemeji, vibali vya nini? Ingieni kama watalii, afunge mlango apige kazi, nani atamchungulia?" Nikagonga msumari. Akaongeza, "Au sema tu unaona haya kuandikwa chini ya mwanamke kama mtoto wa shule!" Nikacheka. Nilicheka sana, na nilivyozidi kucheka ndivyo nilivyojua kuwa imeniingia.

Nimewaza nimwambie aende peke yake, mimi nibaki na karakana, nitafuata Mungu akijalia, lakini kila nikifungua mdomo zinatoka habari za sponji kuadimika. Siku ya miadi ubalozini inakaribia, na wanandoa wanaohama pamoja wanatakiwa kuomba siku moja. Nisiposema kama naenda au nabaki, ataahirisha, nami namjua, hataniambia neno, na nafasi zikijaa safari imekufa. Nimwambieje kwamba nabaki, bila yeye kudhani namwonea wivu, wakati nimemsifu kwa wateja wangu mpaka mmoja amehamishia makochi yake kwa fundi mwingine?

Ni mimi,
Fundi Nyundo Hewani

*

Fundi,

Nimecheka, nikakasirika, nikasoma tena, nikacheka. Kaka yangu, hii ni barua ya mapenzi uliyoituma kwa anwani isiyo yake.

Mkeo analipwa kusikiliza malalamiko ya watu asiowajua hata sura. Wewe unayelala ubavuni mwake umemlalamikia lini? Unamficha mtu ambaye kazi yake ni kugundua kwamba hita haijachomekwa! Anajua kuna kitu. Asichojua ni kitu gani, na hapo ndipo mtu anapojijazia mwenyewe, na anachojijazia huwa kibaya kuliko ukweli.

Hukuniuliza uende au ubaki. Umeniuliza namna ya kubaki bila lawama. Dawa hiyo sina.

Neno "mtegemezi" limekutia homa. Kochi linategemea miguu yake. Umewahi kuona kochi limeinamisha uso kwa aibu? Miaka mingapi yeye aliandikwa chini ya jina lako na hakuumwa kichwa?

Shemeji yako mshukuru, kisha umsindikize mpaka barabarani. Kuingia kwa viza ya matembezi na kufanya kazi kimyakimya ni kumweka mkeo mahali ambapo jirani mmoja mwenye kinyongo anaweza kumfukuzisha nchi na kumfungia mlango wa kurudi. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo mwenye pasipoti ni fupi zaidi.

Sasa sikiliza. Nchi hizi hazifanani na sheria zao hubadilika, kwa hiyo usiniamini mimi wala watu wa kijiweni. Ulizeni ubalozini, mjibiwe kwa maandishi. Mtegemezi anaweza kuomba kibali cha kazi akiwa ndani ya nchi, au lazima atoke? Kusoma ufundi darasani kunaruhusiwa? Mkikaa muda mrefu, kodi mtalipa wapi? Mwajiri wake atoe barua inayosema wazi kwamba anamruhusu kufanya kazi akiwa nchi ile; kumwajiri tu hakutoshi. Cheti cha ndoa kitafsiriwe na mtu anayetambuliwa. Bima ya afya iwe ya wote wawili. Karakana usiiuze, mwachie fundi mwenzako unayemwamini, na zana zako zipake mafuta.

Lakini hayo yote ni ya kesho. Leo, zamu yake ikiisha, weka nyundo chini, ubishe hodi, useme, "Nina malalamiko." Na usiniandikie tena kabla hujabisha.

Mshauri wako

*

Mshauri,

Nimebisha, ndiyo maana nathubutu kuandika. Habari iliyoenea mtaani, na mwenezaji ni mimi, ni kwamba nilipiga kofi ukutani nikatangaza, "Tunakwenda wote, shauri limekwisha!" Shemeji ameiamini na amenipa mkono. Ila wewe nakueleza ilivyokuwa.

Nilisimama mlangoni, nikasema nina malalamiko. Akageuka na hedifoni shingoni. "Nakusikia, bwana. Pole sana."

Nikamwambia, "Hapana, mama. Hiyo sauti ni ya wateja. Nipe ya nyumbani."

Akaivua hedifoni, akaiweka mezani. Halafu akasema, "Ya nyumbani inaogopa."

"Inaogopa nini?"

"Kwamba utaniambia nitangulie. Unazunguka na sponji zako wiki nzima, unadhani sikuoni? Na nikienda peke yangu, nikishazima hii kompyuta nitaongea na nani? Na hita?"

Tukacheka, kisha kicheko kikaisha na hakuna aliyeondoka. Hotuba yangu ya kubaki sikuitoa. Nilisema naogopa kukaa bure, naogopa kuchekwa, na kwamba kubaki ndiko ninakokuogopa zaidi. Alinisikiliza bila kunipa pole hata moja.

Ubalozini afisa aliuliza nani mwombaji mkuu. Niliwahi kujibu: "Ni huyu." Akanigeukia, "Na wewe utafanya nini huko?" Nilikuwa na jibu refu, nimelifanyia mazoezi, likanitoka lote. Nikasema, "Sijajua, mheshimiwa. Nitapika, nitajifunza lugha yao, na nitaomba kibali changu. Mkininyima nitaomba tena." Mke wangu akatazama dari. Nadhani alikuwa anazuia kucheka, ingawa macho yalikuwa na maji.

Vibali vya ukaazi vimetoka vyote viwili, changu chini ya jina lake. Usidhani nimepona. Jana mteja aliyekuja kuchukua viti vyake aliuliza nahamia huko kwa kazi gani. Nikamjibu, "Namfuata mke wangu." Ulimi ulinikwama kidogo katikati, lakini maneno niliyamaliza.