Maji ya Samaki wa Jyotsna

Dunda, Bagamoyo
9 Juni 2024

Shoga yangu Jyotsna,

Salamu nyingi zikufikie huko Upanga kwa mwanao Jignesh. Sisi huku wazima, ila mguu wako ndio unaotupa mawazo. Umeshaanza kukanyaga? Simu masikio yako hayaiwezi, ndiyo maana nakuandikia.

Nina swali kuhusu tangi lako la samaki, nawe usinicheke. Mimi mtoto wa mvuvi, samaki namjua wa kupaa na kukaanga, wa kufugwa sebuleni sijapata. Ulipoanguka ukachukuliwa haraka, uliniachia ufunguo tu, hukuniambia maji yanabadilishwa kila baada ya muda gani. Jana niliyaona yamechafuka, nikayamwaga yote, nikajaza mengine ya baharini. Leo asubuhi, katika wale wawili wekundu wenye mistari myeupe, mmoja nimemkuta anaelea, amekufa.

Moyo umeniuma, maana najua marehemu mumeo Krishna alivyowapenda. Huyu aliyebaki nimfanyeje?

Shoga yako,
Ashura


Upanga, Dar es Salaam
14 Juni 2024

Shoga yangu Ashura,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Mguu bado umo kwenye plasta, mchana kutwa nakaa dirishani, ghorofa ya tano. Wanao hawajambo? Na kifua chako je?

Usijilaumu. Krishna mwenyewe alipoanza aliwaua wengi kwa njia hiyo hiyo. Maji hayabadilishwi yote hata siku moja, samaki hastahimili. Tangi lile linaingia ndoo kumi. Kila wiki toa ndoo moja, tia ndoo moja, basi. Yachote bahari ikijaa, uyachuje kwa kitambaa, kisha uyaache ndani ya nyumba kwenye ndoo mpaka joto lake lilingane na la maji ya kwenye tangi. Mvua ikinyesha usichote, mto Ruvu huleta tope. Na ukiona maji yamepungua kwa joto, ongeza maji ya kunywa, usiongeze ya bahari. Maji hukauka, chumvi hubaki, mwishowe inamzidi.

Huyo mmoja nitunzie.

Shoga yako,
Jyotsna


Dunda
4 Agosti 2024

Shoga yangu,

Hujambo na mguu? Sisi tupo, alhamdulillahi, kifua kimetulia.

Samaki wako anakula. Nikiingia tu anakuja kwenye kioo, ana njaa kama mjukuu. Nachota maji kila Ijumaa kabla ya sala. Watu wa ufukweni wameshaanza, eti Bi Ashura anaihamisha bahari kwa ndoo. Nawaacha wacheke. Nikimaliza hujikalisha kwenye kiti chako na kumtazama, na nyumba yote kimya. Hapo ndipo ninapokukumbuka sana.

Lini unarudi?

Shoga yako,
Ashura


Dunda
22 Septemba 2024

Jyotsna,

U hali gani? Barua yangu hukuijibu. Nimempigia Jignesh, akasema umelala. Nikapiga tena kesho yake, umelala. Kama nimekukosea niambie. Kama unaumwa, niambie pia.

Shoga yako,
Ashura


Upanga
10 Novemba 2024

Shoga yangu Ashura,

Hujanikosea kitu. Nisamehe kwa kukunyamazia. Natumaini nyote hamjambo.

Plasta imetolewa, natembea kwa mkongojo. Lakini Jignesh ameamua nisiishi tena peke yangu, na nyumba ya Dunda ameshaipatia mpangaji. Simlaumu, siku ile alikuja kunitazama akaniokota sakafuni. Mkewe Rachna ananitunza vizuri, sikosi kitu. Ila nikiamka asubuhi sijui siku ni ya nini, basi narudi kulala.

Jumamosi anakuja kuhamisha vitu. Samaki umrudishe baharini, nawe upumzike.

Jyotsna


Dunda
17 Novemba 2024

Shoga yangu,

Salamu, na Mungu akupe nguvu.

Jignesh alikuja jana. Samaki sikumrudisha baharini. Tangi liko sebuleni kwangu. Tuliteka maji yake kwenye ndoo, mwanangu Shuaibu na Jignesh wakalibeba, kisha tukayarudisha maji yale yale. Samaki alijificha nyuma ya jiwe, jioni akatoka akala.

Kisha nikamwekea mwanao chai. Akaniambia, "Mama hasemi siku hizi. Namwuliza anataka nini, anasema hataki kitu."

Nikamjibu, "Mama yako hakuzoea kukaa bure, mwanangu. Mlete kwangu. Chumba cha binti yangu Adila kitupu tangu aolewe Kerege, na hapa hatakosa mtu."

Akasema nyama na samaki huli, kwangu utaishije. Nikamwambia kitoweo chetu tutapikia uani, na sufuria zako zitakuwa mbali na zetu. Akanywa chai mpaka ikaisha. Halafu akauliza kama choo changu kina ngazi. Nikajua amekubali.

Hakina ngazi. Iliyobaki ni kauli yako.

Shoga yako,
Ashura


Upanga
21 Novemba 2024

Ashura wangu,

Barua yako Rachna amenisomea, kisha nikaisoma mwenyewe. Amelia kidogo, sasa anakunja nguo zangu. Jignesh ametoa masharti: nitembelewe kila mwezi, na nisipande kitu chochote kirefu. Nimekubali yote.

Tunakuja Jumamosi. Barua hii naituma kwa basi la leo ikuwahi. Kesho ni Ijumaa, usiende kuchota maji. Ndoo ya wiki hii nitaitia mimi, wewe utanishikia mkongojo.

Shoga yako,
Jyotsna