Paa Alilolitaka Ghattas

Ayn Qattin,
Mlimani, Lebanon.
Tarehe 21 Januari.

Mpendwa kaka yangu Fawzi,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. U hali gani? Mgongo wako unaendeleaje, na wifi yangu Odette amepona kile kikohozi? Najua baridi ya huko Montreal si ya mchezo, ila ninyi mna nyumba zenye joto. Mimi sijambo kabisa. Nakula vizuri, nalala fofofo, na jiko la mafuta linawaka miguuni pangu ninapokuandikia. Ukiona mwandiko umepinda, usidhani ni uzee. Nacheka.

Barua yako nimeipata, na tiketi ya ndege uliyoitia ndani. Unaniomba nimsamehe shemeji yangu Ghattas, nifunge mizigo nije kuishi kwako. Ahsante kwa moyo huo. Lakini siji, na simsamehe. Soma mpaka mwisho utanielewa.

Unajua tangu Naif wangu afariki, mdogo wake huyu ananitazama kama mgeni aliyesahau kuaga. Nyumba waliijenga pamoja, yeye akakaa chini, sisi juu. Sina mtoto, kwa hiyo kwake mimi ni kama kabati lililoachwa na marehemu, linahitaji tu kusogezwa. Alilitaka ghorofa langu ili mwanawe Bashir apate pa kuolea, palipo na nafasi na jua la asubuhi. Kunitoa mbele ya watu aliona haya, akaliachia paa lifanye kazi hiyo.

Alifunga paneli zake za sola kule juu, na kila mguu wa paneli akautoboa kwa drili, bolti ikapita kwenye utando wa lami unaozuia maji, ikaingia kwenye zege. Nilipolalamika akaleta utando mpya, ule mwembamba wa bei ya kutupa, akaubandika mwezi wa Desemba juu ya zege lililolowa. Ukingoni hakuupandisha ukutani hata kidogo, aliukata pale pale sakafu ya paa inapokutana na ukuta. Kisha akapaka rangi ya fedha, ikang'aa, akaita majirani waione.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, maji yalishuka chumbani kwangu. Fawzi, yalidondoka upande wa kitanda aliolala Naif. Nilisogeza kitanda, yakanifuata. Majira yote ya baridi nilikaa na ndoo na sufuria, kuta zikaota ukungu mweusi, na Ghattas akitangaza dukani kwamba paa ni zima.

"Ni mvuke wa nguo zake," aliwaambia. "Mwanamke mmoja, kufua kila siku! Anamfulia nani?"

Watu walicheka. Nilimwendea nikamwambia nitaliziba mwenyewe. Akanijibu huku anatafuna mbegu za maboga, "Shemeji, si uende tu kwa kaka yako? Huko Kanada hata mapaa yana akili."

Siku hiyo niliapa nitamkomesha. Sikujua kwa njia gani, lakini niliapa.

Utando nilikuwa nimeshauchagua. Muuza vifaa wa mjini alinionyesha aina tatu, kila moja akiisifu kuliko mwenzake, nami nikamwomba kipande cha kila moja. Nilivilaza kwanza kwenye friza, kando ya kibbe zangu za nyama, halafu nikavikunja. Kimoja kilikatika kama mkate mkavu. Viwili vilivyobaki niliviweka siku nzima juu ya bati la jiko, maana jua letu la Agosti nalo unalijua. Kimoja kililainika kikanata kama ulimbo. Cha tatu, kile kizito chenye lami iliyochanganywa na mpira na chembe za mawe usoni, kilikunjika baridi na kikakaa imara motoni. Hicho ndicho nilichonunua. Fundi alipofika na mtungi wake wa gesi, tulikuta Ghattas amebadilisha kufuli la mlango wa paani. Ati wezi wa paneli. Roli zangu za utando zikabaki jikoni, nikawa nazipita kila nikienda kupika kahawa.

Basi kiangazi akaja na sahani ya baklava na uso wa huruma. Magoti yako, shemeji, na ngazi hizi. Kwa nini tusibadilishane? Wewe shuka chini, sisi na Bashir tupande juu. Nikamtazama, nikaona kitu cha ajabu: ameshauamini uongo wake mwenyewe. Alishasema habari ya mvuke mara nyingi mno, sasa aliona paa ni zima kweli!

Nikakubali, ila nikaomba kitu kidogo. Kwa kuwa anaweka vigae vipya vya sakafu huko juu, chini ya vigae atandaze roli zangu, nisisikie vishindo vya miguu yao. Mkewe Wadad aliona ni wazo zuri. Ghattas alicheka, "Mwoneni mwanamke na mawazo yake!" na akamwita fundi yeye mwenyewe. Nilisimama na fundi yule mwanzo mpaka mwisho. Kila kiungio kimepandiana kiganja kizima, kimechomwa kikashikana. Kwenye kila ukuta utando umepanda, na kwenye kila kizingiti pia, cha vyumba vya kulala na cha sebule. Fundi aliniuliza kama tunajenga bwawa. Nikamwambia afanye kazi yake.

Nikashuka chini, wao wakapanda juu, na Bashir akaoa Septemba. Binti anaitwa Rindala, mtoto wa watu wa bondeni, mcheshi, anapika vizuri. Nilicheza kwenye harusi mpaka Wadad akanishangaa.

Wiki iliyopita theluji ilianguka siku tatu, halafu ukaja upepo wa joto na mvua juu yake. Mitaro ya paani iliziba kwa barafu. Kwanza nilisikia ndoo, kisha sufuria, kisha kukimbia. Nilikaa hapa nikala supu yangu ya kishki. Dari yangu haikutoa hata jasho.

Ghattas aliteremka suruali imekunjwa magotini, soksi zinachuruzika. Hakunisalimu. Aliinua macho akaikagua dari, kona kwa kona, kama mtu anayetafuta kosa langu.

"Kwako hakuvuji?"

"Hakuvuji."

"Kwetu yamefunika vidole vya miguu! Yanakwenda wapi maji yote yale?"

"Hayaendi popote, shemeji. Ndiyo kazi ya utando mzuri."

Nilimwona anaelewa. Ilianzia kwenye shingo, ikapanda mpaka masikioni, nyekundu tupu. Fawzi, nilikuwa nimeungoja uso ule tangu siku ile ya mbegu za maboga, na niliufaidi wote.

Nyuma yake alisimama Rindala, amekumbatia godoro lililolowa. Akaniuliza, "Mama mkubwa, ulijua?"

"Nilijua."

"Basi mbona mimi hukuniambia?"

Hilo lilinichoma, sikufichi. Nikampokea godoro, nikawafungulia yeye na Bashir chumba cha wageni. Wapo humu mpaka leo. Juu wamebaki wawili, Ghattas na Wadad, na mabeseni yao.

Ghattas alifunika paa kwa turubai, upepo ukalichukua ukalitupa kwenye mti wa jozi wa jirani. Jana alirudi, safari hii alibisha hodi. Kofia mkononi. Dukani sasa wanamuuliza kama huko juu anafua sana. Akasema mlango wa paani uko wazi, bolti atazing'oa, nichague utando ninaoutaka mimi, afanye kama nitakavyosema, mradi iwe wiki hii.

Nikamkaribisha kiti, nikammiminia kahawa. Nikamweleza taratibu kwamba lami haishiki juu ya zege lililolowa. Ukiichoma leo, maji yatabaki chini yake, jua likitoka yatavimba na kuufumua utando wote, kama ulivyofumuka ule wake wa Desemba. Lazima zege likauke kwanza. Kwa milima yetu hii, hiyo ni Mei.

"Mei!" alisema.

"Mei mwishoni, kama mvua zikiwahi kuisha."

Ni kweli tupu, kaka. Muulize fundi yeyote huko kwenu. Nilitafuta uongo wa kumtesa nao na sikuuhitaji. Alikunywa kahawa mpaka machicha, akapanda ngazi kwenda kulala kwenye maji yake.

Nisalimie Odette, na wanangu Mireille na Toufic. Waambie shangazi anawakumbuka. Wifi asinitumie tena koti, ninalo. Rindala naye anakusalimu, ingawa hamjaonana. Anasema unga wa mikate ya mankushi anaukanda vizuri kuliko mimi, na ni kweli. Mungu awalinde na baridi, awape afya na nyumba kavu.

Na tiketi ile irudishe.

Ni mimi nikupendaye, dada yako asiyehama,
Nuhad