Taya la Banne na Kitambaa cha Mama

Tondok Batu,
karibu na Rantepao.
14 Agosti

Mpendwa Kaka Palimbong,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko Sorong? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwa vumbi la bandarini? Sisi huku hatujambo, ila hatujambo yenyewe ina kasoro, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mama bado ni mgonjwa. Mwezi ujao atatimiza miaka miwili tangu pumzi zilipomkatika, naye amelala palepale chumba cha kusini, nyuma ya pazia, ile dawa aliyochomwa bado ikimhifadhi. Asubuhi na jioni Banne humpelekea wali, kahawa na tambuu, na yeye mwenyewe hula hukohuko, ili Mama asile peke yake. Unamjua mdogo wetu, hakubali mtu mwingine aishike ile sahani.

Unakumbuka taya la Mama lilivyokuwa likilia akitafuna, tiki, tiki, nasi tukimcheka? Basi mwezi wa Machi lilianza kulia tena. Kila wakati wa chakula, nyuma ya pazia: tiki. Nywele zilinisimama, Kaka, sikufichi. Shangazi Rerung wala hakushtuka. "Mnashangaa nini? Anadai tambuu. Nyinyi mngelala mwaka na nusu mngenyamaza?" Akaongeza majani sahanini.

Juni sauti ikakoma ghafla. Tulishukuru, tukasema Mama ameridhika. Siku hiyohiyo Banne alirudisha chakula chake hakijaguswa, na kesho yake vivyo hivyo. Shangazi akadhani amenuna, akamtania: "We Banne, umeposwa nini? Mbona mdomo umefungwa kama bi harusi?"

Banne akajibu meno yakiwa yamebanana, "Haufunguki."

Nilijaribu kidole kati ya meno yake, kikapita kimoja tu. Hapo ndipo nilipofahamu. Miezi yote ile aliyekuwa akilia tiki ni Banne, kwa sauti ya Mama.

Tulimpeleka mjini Makale kwa daktari wa meno, kijana mgeni kutoka kisiwa cha Java, mpole sana. Akamgusa mbele ya masikio, akamwambia afungue, afunge, akampima kwa rula, akampiga picha. Alisema ndani ya kiungo cha taya mna gegedu kama kisahani kidogo. Kikiteleza na kurudi, taya hulia. Kikiteleza kisirudi, sauti hukoma na mdomo hukwama. Kumbe tulikuwa tukishukuru kwa ugonjwa.

Akauliza kama Banne hubana meno. Nikamjibu mimi: mchana na usingizini, tangu pumzi zimkatike Mama.

"Poleni. Marehemu alikuwa..."

"Marehemu gani?" Shangazi akamkata. "Nyati wa mazishi hajachinjwa. Wifi yangu anaumwa tu."

"Samahani, mama. Na huyu binti, amewahi kumlilia?"

"Mgonjwa analiliwa? Zamu ya kulia itafika."

Daktari alimtazama Banne. Alitupatia kinga ya plastiki ya kuvaa menoni akilala, akaagiza kitambaa cha moto shavuni, uji na vyakula laini, mazoezi ya kufungua polepole, na tambuu asiiguse. Akaonya tusimpanue kwa nguvu. Vidole vitatu vikiingia wima, amepona. Wiki sita zimepita, vimefika viwili, na hapo pamegoma. Amekonda mpaka sketi anaifunga kwa pini.

Sasa sikia jambo ambalo sijamwandikia mtu mwingine. Jumatatu asubuhi nilikuta kile kitambaa kilichofungwa chini ya kidevu cha Mama kimelegea, na mdomo wake u wazi. Sijui ujasiri niliupata wapi, nikaweka vidole. Viliingia vitatu. Nilifunga upya, mafundo mawili, na Jumanne nikakuta hali ileile. Shangazi anasema kitambaa kimechakaa. Nikaleta kipya, na leo nimekikuta begani kwa Mama. Nilipotaka kukifunga Banne alinishika mkono: "Mwache, Dada. Anamwita Kaka."

Kaka, nina hasira nawe na sitaki kuificha. Mwaka jana tulikungoja ulete nyati wa mazishi, ukasema unatafuta wa mabaka, wa bei kubwa, watu wasije wakatucheka. Waache wacheke. Mweusi anatosha, hata mwenye pembe moja. Msimu wa mazishi unaisha Septemba, na mpaka nyati aanguke mbele ya nyumba, hakuna anayeruhusiwa kumlilia Mama humu ndani. Mimi nitavumilia. Banne namhofia.

Msalimie wifi Yuliana na watoto. Shangazi Rerung anakusalimu, na Mama anakusalimu. Mungu akulinde baharini na akufikishe mapema.

Mdogo wako akupendaye,
Datu

Banne ameomba nafasi hapa chini aandike mwenyewe, maana kusema kunamuuma:

Kaka, njoo nilie.