Message Yenye Niliweka mu Kitunga

Siku ya Mungu, tarehe 2 Novemba 2025

Nakopia hapa message ya mutoto wangu Exaucée, mbio mbele courant ya umeme ikatike.

«Mama Mado, jambo. Jambo sana. Ulilala muzuri? Kambo Mukuka naye, muzee wetu, muguu yake inaenda namna gani? Umuambie jambo yangu, asitembee mu matope. Jambo Jemima, aache buvivu ku masomo. Jambo Adrien, jino yake ya mbele ilitoka ao ingali inacheza? Jambo Mama Kavugho jirani, yeye na maharagi yake yote. Jambo ba mama ba chorale ya kanisa, mumoja mumoja. Jambo hata ile kuku nyeusi, kama hamujaikula. Miye niko muzima. Camion yangu inapita nyumba yetu kwa urefu, napanda na ngazi. Sasa mama, neno yenye ilinisukuma kuandika leo ni hii…»

Hapo tu njo nilifika! Kalamu yangu inaendaka pole, nasoma na kuandika pamoja, kila herufi naiangalia mara mbili. Nikasikia mulango ya inje, ya parcelle. Papa Exaucée, bwana yangu Rufin, anatoka ku misa. Nikakamata message, nikatia mu corbeille. Exaucée alinionyesha ku machine, ku kompyuta, mbele aende Kolwezi: «Hapa ni corbeille, mama.» Iko na picha ya kitunga kadogo. Tangu mwezi wa tano natiaka message zake zote mule. Kintu ya maana hauachake chini, unatia mu kitunga, unafunika.

Kisha — pap! Courant ikaenda. Rufin anauliza: ju ya nini uko mu giza mbele ya machine? Nikasema napanguza vumbi.

Siku ya kwanza, tarehe 3

Hakuna courant. Asubui hapana, muchana hapana.

Neno gani ilimusukuma? Ugonjwa? Mimba? Camion ilianguka? Hapana, angeanguka hangeandika. Ao angeandika na mukono moja? Nimechoma mboga ya matamba ju ya kuwaza.

Na ule mutoto, jambo zake murefu! Lakini ni miye nilimufundisha. Mutu haingie mu neno kama hajasalimia nyumba muzima. Nilimupiga hata kofi siku moja ju ya ile. Sasa inanirudilia.

Nimejaribu tena numéro yake ya zamani. Ile sauti ya mwanamuke inasema numéro haiko. Alibadilisha tangu mwezi wa tano, siku alipiga simu, Rufin akaitosha mu mukono yangu, akakata. Tangu hapo ni email tu. Aliniandikia: «Email haina sauti, mama. Papa hawezi kuikata.»

Rufin alikuwa mwalimu miaka makumi tatu na moja. Exaucée alikuwa mwaka wa tatu mu droit, masomo ya sheria. Akaacha. Akaenda ku Kolwezi kuendesha camion ya mine, ku mugodi. Papa yake akamuambia palepale ku mulango: «Mutoto wa mwalimu, chauffeur? Ukipita hapa, miye sina mutoto ku Kolwezi.»

Akapita.

Siku ya pili, tarehe 4

Courant ilirudi! Nilikuwa nafua, nikaacha nguo mu sabuni. Machine ikaamuka. Nikafungula njia ya message — na hapo kintu yekundu, alama ya hatari, na maneno: *Votre connexion n'est pas privée.*

Français yangu ni kidogo, lakini privée najua. École privée. Parcelle privée. Ni kusema: hii si yako peke yako. Kuna mutu anaangalia! Chini banasema tena kuna bantu babaya banaweza kuiba.

Nikafunga. Nikafungula. Ileile.

Nani? Nikaangalia nyuma ya rideau ya dirisha. Nikaita Jemima, nikamuuliza kama alisema kintu kwa mutu. «Kintu gani, mama?» Nikamurudisha ku michezo. Ule kinywa yake ni radio, tangu kuzaliwa haijazimwa.

Kisha ku meza, ugali yetu mbele yake, Rufin akasema: «Bukari ya leo ni muzuri.» Miaka makumi mbili na tano hajasifu bukari! Anajua. Anasoma kila kintu, ananingojea tu nianguke peke yangu.

Nimefunika machine na kitambala ya kichwa.

Siku ya tatu, tarehe 5

Nimeshindwa kuvumilia. Nikaenda kwa Précieuse, ule wa secrétariat public ku carrefour ya njia, anafanyaka photocopie na kuandikia bantu mikanda, barua. Alisoma darasa moja na Exaucée.

— Mama Exa! Leo unakuya na mbio sawa polisi!

Nikamuelezea pole, mudomo karibu na sikio yake. Privée. Bezi, benye kuiba. Bukari. Akacheka mpaka akashika meza.

— Machine inasema leo ni siku gani?
— Sijue. Miye najua siku, naiuliza ya nini?
— Mama, machine ya kukatikiwa courant kila mara, ka pile kake ka ndani, betri, kanakufa. Inasahau siku. Ku internet, mutu mwenye hajue siku ya leo banamufungia mulango. Banawaza ni muloshi, muchawi.

Basi si mutu. Si Rufin. Ni siku. Atanirekebishia nyumbani? Hapana, eko na kazi ya bantu, lakini alinionyesha mahali ya kufinya: ile saa ndogo ya chini, kuume. Na kama ka boîte ka connexion, ka sanduku ka internet, kanawaka yekundu, niitoshe ku courant, nihesabu mpaka makumi tatu, niirudishe.

Nikamuambia: tufungule tu hapa kwako. Akafungula njia ya message, akanipatia kiti.

— Andika mot de passe, neno yako ya siri. Miye siangalie. Mot de passe ni sawa nguo ya ndani.

Akageuka kabisa, anaangalia ukuta. Exaucée alinipatia mot de passe mbele aende: jina ya papa, herufi kubwa mbele, kisha mwaka yake ya kuzaliwa. «Kintu yenye hautasahau mama, na hakuna mutu mu hii nyumba atawaza ni miye niliichagua.» Nikaandika na kidole kimoja. Ikakatala. Mara ya pili, ikakatala.

— Labda unafinya mubaya. Jaribu ku machine yako, ile inakujua. Message yenyewe iko wapi, mu réception, mahali zinaingilia?
— Hapana, nilishaiweka muzuri. Iko mu corbeille.

Précieuse akazima photocopieuse.

— Mama Exa. Corbeille ni poubelle.
— Ni kitunga.
— Ni kitunga ya takataka, mama. Kintu ikipita siku makumi tatu mule, inatupwa yenyewe. Hakuna mutu atakuuliza.

Nikahesabu na vidole. Mwezi wa tano. Wa sita. Wa saba. Précieuse hakucheka tena. Alinishika mukono mpaka ku njia.

Miye mwenyewe, na mikono yangu. Nilitupa mutoto wangu kila mwezi, nikamufunika muzuri.

Siku ya ine, tarehe 6

Mvua tangu asubui. Courant iko, lakini inatetemeka.

Ka boîte yekundu. Nikaitosha. Kuhesabu makumi tatu naogopaka kuchanganya — nikasali Salamu Maria tatu, pole. Nikairudisha. Kijani! Mama Maria anajua hata connexion.

Kisha saa ya kuume. Machine inasema: 1 janvier 2012.

2012! Exaucée eko na miaka kenda. Nguo ya masomo bleu na nyeupe. Usiku anakuya kulala ku mugongo yangu ju ya kuogopa radi, na Rufin anamubeba anamurudisha ku kitanda yake, anamuimbia ile wimbo ya kuhesabu ya ku darasa yake. Alikuwa anamuimbia! Nilisahau.

Sikubadilisha palepale. Nilikaa kidogo mule mu 2012.

Kisha nikaandika 6, novembre, 2025. Nikafungula. Alama ya hatari — hakuna! Njia inafunguka muzuri… inauliza mot de passe. Ilisahau siku, na miye ilinisahau. Nikaandika pole, naangalia kila herufi. Ikakatala. Tena. Ikakatala. Tena. *Trop de tentatives. Réessayez plus tard.*

Ni kusema nilijaribu mara mingi, nirudi kisha, plus tard. Plus tard njo saa gani? Banashindwa kuandika saa?

Siku ya tano, tarehe 7



Muchana Papa Exaucée alikuwa mu kiti yake na gazeti ya wiki yenye ilipita. Nikawaza: siku ngapi ningali nafichama mu nyumba yangu? Nikatosha kitambala, nikaikaa ku machine, mbele yake. Kidole yangu inatafuta, na kinywa yangu inasaidia kidole, sikujua natosha sauti.

— R… u… f…
— Unaandika nani?

Nikatosha kidole ku machine.

— Mado, naulizaka mara moja.
— Jina yako.
— Jina yangu haiko na f! Ni p, na h. Ph! Miaka makumi mbili na tano mu ndoa, na muke wa mwalimu ananiandika sawa dawa ya mafua!

Mwalimu hapumzikake. Nikaandika p. Nikaandika h. Nikamaliza mwaka. Nikafinya.

Ikafunguka.

Ruphin. Ruphin. Ruphin. Naandika hapa mara tatu, nisisahau tena.

Akasimama nyuma yangu. «Na jina yangu inafungula nini?» Hapo nikaona: nidanganye, ao niseme. Nikasema. Email ya Exaucée. Ni yeye alichagua ile jina, siku ileile ulimufukuza.

Akainama karibu na machine.

Nikafungula kitunga. Message mbili tu. Zingine ine zilienda. Ruphin akanisomea ile maneno ya juu, siku makumi tatu, sawasawa Précieuse alisema. Nikaanza kulia. Akasema: «Soma zenye ziko.» Lakini macho yangu ilijaa mayi, akasoma yeye ile ya siku ya Mungu, na sauti, sawa mu darasa.

Mama Mado, jambo. Kambo Mukuka. Jemima. Adrien na jino. Mama Kavugho na maharagi. Ba mama ba chorale. Kuku nyeusi.

Hapo akasimama. Akarudilia juu. Akapitisha kidole ku majina yote, moja moja, mpaka chini.

— Kuku inapata jambo, akasema.



Akaendelea, sauti ya chini sasa: «…neno yenye ilinisukuma kuandika leo ni hii. Siku ya posho, tarehe 8, banatuleta Lubumbashi ku visite médicale, munganga atupime. Tutafika saa nane ya muchana. Tunalala usiku moja, siku ya Mungu asubui tunarudi. Kama papa anakubali, nitakuya kulala nyumbani. Umuulize, mama. Kama haunijibu, nitajua jibu, nitalala na benzangu mu guest house. Sitasimama tena ku mulango yenye sijaitwa. Jibu mbio.»

Tarehe 8. Ni kesho! Ni siku tano anangoja, na anawaza kunyamaza kwangu njo jibu ya papa yake.

Nikamugeukia: «Basi?»

Ruphin akaenda inje. Mvua ilikuwa imepunguka. Nilimuona ku dirisha, anasimama mbele ya nyumba ya kuku, mikono nyuma, anaangalia. Akarudi, akakula, akasema muhogo ni mugumu.

Siku ya posho, tarehe 8

Asubui. Courant iko. Inatetemeka.

Ruphin aliamuka mbele yangu. Alifagia mbele ya mulango, yeye, mwenye hashikake ufagio! Kambo Mukuka akauliza ni nani amekufa.

Nikaikaa na hii cahier yangu ya kuandikia, nipange kwanza maneno. Akakuya nyuma yangu.

— Utamujibu, ao utamuacha alale kwa bageni?
— Nijibu nini? Ni weye njo anauliza.
— Andika jambo kwanza. Haukumufundisha vile?

Nikaanza: jambo ya kambo Mukuka. Akapiga kidole ku karatasi.

— Papa anaanzaka mbele. Anza tena. Na uandike na ph.

Akaenda inje. Ndiyo ao hapana hakusema. Nimeanza tena. Nikimaliza hapa, nakopia ku machine:

«Exaucée mutoto wangu, jambo. Papa yako Ruphin anakuambia jambo. Kambo Mukuka anakuambia jambo, muguu ni heri kidogo, anatembea mu matope vilevile. Jemima jambo, alipata makumi sita na mbili mu calcul, mu hesabu. Adrien jambo, jino ilitoka, aliimeza na bukari. Mama Kavugho jambo, Précieuse wa ku carrefour jambo, ba mama ba chorale jambo. Miye mama yako jambo, jambo, jambo. Sikukatala kukujibu. Machine ilisahau siku, na miye nilisahau kuandika jina ya papa yako. Nitakuelezea na kinywa. Message zako ine zilipotea, usikasirike, utaniambia tena zote.

Kuku nyeusi njo hajibu jambo yako. Papa yako anamushika ku mabawa, eko anasimama ku mulango ya kuku, kisu mu mukono ingine, ananiita mara ya pili: Mado, alijibu nini, anakuya ao hakuye, nimukatie kuku ao niache? Jibu mbio, mutoto wangu. Jibu mbio mbele courant iende.»