Dakika Nne za Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tano ya mafunzo ugenini, na leo nimeumbuka! Nilipewa robo saa ya kikao cha bunge lao niichape kutoka kwenye kinasa sauti. Mbunge mmoja wa upinzani, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alimwambia waziri mkuu kwamba ni mwongo na anajijua kuwa ni mwongo. Mimi nikachapa: (Kelele.) Nikaendelea zangu. Wala sikufikiri. Mkono wenyewe tu. Kwetu ndiyo kazi — tunaita kusafisha.

Msimamizi wangu akaja na ukurasa mkononi. Namwita Miwani, ana jozi mbili, moja machoni, moja utosini. Akauliza maneno ya yule mama yako wapi. Nikasema nimeyatoa. Nani alikuagiza? Nikatafuta jina la kumpa. Hakuna.

Jumanne, 4 Machi

Miwani kanipeleka chini kwenye makabati. Taarifa za bunge za miaka themanini, zimejalidiwa, matusi yote yamo. Akasema maneno yanayosemwa mle ndani ni mali ya waliowapigia kura. Sisi kazi yetu kuandika, basi. Aliyasema hivihivi, anatafuna tufaha.

Mimi machozi yananilenga. Nina miaka thelathini na minne, na toka nipate akili nimeamini jambo hilohilo. Shuleni nilichapwa kwa kulisema. Nyumbani nikaitwa mjuaji. Kumbe kuna nchi nzima inawaza kama mimi!

Nilipaswa kufurahi, sivyo? Nimejifungia chooni nikalia. Kwa nini si kwetu? Kwa nini nilikute kwa watu wasiojua hata salamu — unapishana na mtu koridoni, anaangalia viatu vyake!

Alhamisi, 6 Machi

Wamenipa kazi. Ya kudumu! Wanataka jibu Jumatatu. Moyoni nilishakubali kabla Miwani hajamaliza kusema. Halafu nikamkumbuka Baba.

Baba kachapa taarifa za bunge letu miaka thelathini na mmoja. Ndiye aliyenifundisha, nikiwa nimepakatwa, vidole vyangu juu ya vyake. Amestaafu, na mtaa mzima umeshaambiwa kwamba nikirudi nakalia kiti chake. Ananiita naibu wangu. Jamani, huyu mzee nampenda. Nikibaki huku nitamuua kwa kihoro.

Jumamosi, 8 Machi

Tangu jana namuwaza Mjomba. Kaka yake Mama, alikuwa mbunge. Nilikuwa na miaka tisa. Alisimama bungeni, akasema kwa dakika nne, na jioni ileile wakamchukua. Hatukumwona tena. Mama hajui hadi leo alisema nini. Baba alimwambia umeme ulikatika, vinasa havikushika kitu. Miaka ishirini na mitano Mama anaulaumu umeme.

Lakini Baba alikuwa akiandika kwa hati mkato! Kila kikao, kwa kalamu. Kalamu na umeme wapi na wapi? Nimelijua hilo miaka yote, nikajifanya silijui. Mwanafunzi hodari kweli mimi.

Nitampigia kesho. Akisema aliamriwa kuyaficha maneno ya Mjomba, nitarudi, nitamsamehe. Walikuwa na bunduki, yeye na kalamu. Lakini kama hakuna aliyemwamuru, siwezi kukikalia kile kiti. Siwezi kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia asubuhi hii. Shikamoo, Baba. “Marahaba, naibu wangu! Unarudi lini?” Sikuzunguka, nikamuuliza maneno ya Mjomba yalikwenda wapi. Akasema ule ukurasa aliuchana kwa mkono wake, kabla hajamaliza kikombe cha chai.

“Nani alikuagiza, Baba?”

“Hakuna, mwanangu. Nilikuwa na nyinyi watatu wadogo.”

Nikashindwa hata kumkasirikia. Mimi nimefuta ya yule mama bila kuagizwa, na sina hata mtoto wa kumsingizia! Akaongeza, polepole, kwamba maneno yenyewe anayo yote kichwani. Hajawahi kuyatamka mbele ya mtu.

Hapo nikasikia kikombe kikiwekwa mezani. Karibu mno. Kumbe alikuwa kafungulia sauti ya nje ya simu, masikio yake siku hizi hayamsaidii. Mama alikuwepo muda wote!

Hakupiga kelele. Kauliza tu, kama anayeuliza chumvi iko wapi: “Ndugu yangu alisema nini?”

Dakika ya sita sasa tangu aulize. Hakuna aliyekata simu. Nawasikia wanavyopumua, na mimi naandika hapa kwa sababu sijui mikono niiweke wapi. Nilitaka jibu langu, nikamvunjia Mama nyumba.

Baba kakohoa. “Mheshimiwa Spika,” kaanza, kisha akarudia, “Mheshimiwa Spika.”

“Endelea,” Mama anamwambia. “Na usiruke hata neno.”