Faili Kumi na Moja za Mama Oscar

Newala,
20 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Natumaini Kabwe kwema, na mkaza mjomba anaweza kupanda ngazi tena baada ya yale magoti. Huku hatujambo, ila maji. Wiki ya tatu sasa bomba linatoa upepo tu, nasi tunanunua ndoo kwa wenye pikipiki. Gerson amemaliza mitihani na anakusalimu.

Nakuandikia kwa barua pepe kwa kuwa simu huisikii, na jambo hili halifai kupigiwa kelele.

Arobaini ya Mama tuliimaliza tarehe kumi na moja. Siku tatu baadaye baba mdogo Bartholomayo aliingia shamba la Lisekese na watu wake, akafyeka chini ya mikorosho yote ishirini na tatu. Unajua maana yake kwetu. Anayesafisha chini ya mkorosho ndiye anayengoja korosho zimwangukie. Anasema miti ni ya marehemu kaka yake, yaani Baba, na mali ya kaka hurudi kwao. Nikamkumbusha kwamba shamba lilikuwa la bibi, akaachiwa Mama, na Baba alikuja kuoa pale na jembe moja na redio. Akacheka. Tumeitwa baraza la kata Alhamisi, tarehe 12 Septemba.

Mama alijua haya yatakuja. Mwezi wa tano, akiwa bado anatembea, aliniambia nichukue simu yangu ya kazi tukazunguke shambani. Asubuhi tatu tulipita mti hadi mti. Aliweka kiganja juu ya kila shina na kusema ameupanda mwaka gani, kwa ajili ya nani, na shimo alichimba nani. Zikawa faili kumi na moja. Nilizihamishia kwenye laptopu ya studio, zikaingia vizuri kwenye programu ya kuhariri, na mwezi wa sita nikaanza kupanga. Simu niliifuta ipate nafasi, kulikuwa na harusi ya kurekodi Jumamosi. Halafu Mama akaugua, nikaacha.

Jana nimefungua kazi ile. Kila mahali palipokuwa na uso wa Mama ni wekundu, na maneno kwamba picha haipo. Nikijaribu kuziingiza upya, programu inakataa, inasema faili za aina hii haizijui. Nikizibofya zenyewe, hazifunguki. Lakini zipo, Mjomba, naziona, na uzito wake ni uleule.

Wewe umekata filamu tangu zama za wembe na gundi. Niambie nifanye nini.

Mpwa wako,
Mama Gerson

*

Kabwe,
22 Agosti 2024

Mama Gerson, mpwa wangu, marahaba.

Mkaza mjomba wako anapanda ngazi na kulalamika, kwa hiyo amepona. Mimi nina miaka sabini na sita na meno kumi na manne. Poleni kwa maji. Nikiwa mtoto, mama yangu na dada yangu Yuster, mama yako, walikuwa wakitoka alfajiri kuteremka bondeni na mitungi, na nimewahi kuamini kwamba nchi zote duniani ziko juu na maji yake yako chini.

Sasa kazi. Kwanza, usiguse tena faili zile. Tafuta diski nyingine, uzinakili zote, na kuanzia sasa ufanye majaribio kwenye nakala tu. Tuliokuwa kwenye filamu tulikatazwa kushika picha ya asili bila glavu za kitambaa. Chukulia nakala ndiyo glavu yako.

Pili, kuna magonjwa manne ninayoyafahamu. Huenda faili zilihamishwa, na programu inazitafuta zilipokuwa. Huenda diski ni mbovu. Huenda simu yako ilirekodi kwa mtindo mpya ambao laptopu ya zamani haiusomi, na hapo utahitaji programu ya kuzigeuza. Huenda hazikumalizika kunakiliwa. Anza na la kwanza, uniandikie umeona nini. Usiniandikie unachodhani.

Kuhusu Bartholomayo, sitasema neno mpaka nimwone Yuster kwenye picha hizo kwa macho yangu.

Mjomba wako,
Cuthbert

*

Newala,
26 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Nimefanya yote. Nimenakili kwenye diski mpya. Nimezirudisha mahali pale pale zilipokuwa mwezi wa tano. Diski nimeipima, ni nzima. Nimepakua programu ya kugeuza, nayo imezikataa kama ile ya kwanza. Nimekwenda mpaka Masasi kwa fundi Chrispin, yule mtani wetu, akazitazama, akasema, "Hizi zimekufa. Nikupe pole mara ya pili, au ile ya msibani inatosha?" Nikacheka, halafu nikalia kwenye duka lake mbele ya wateja.

Bartholomayo amekwishasikia kwamba video haifunguki. Juzi sokoni aliniuliza mbele ya watu kama Mama bado ni mwekundu. Akasema pia jambo ambalo sitakuficha. Alisema kwa desturi yetu mjomba ndiye anayesimama kwa ajili ya watoto wa dada yake, na sisi hatuna. "Mjomba wenu ni jina tupu. Jina halikai barazani."

Nikabeba kikapu changu nikaondoka. Hukuja kwenye msiba wa bibi. Hukuja kwenye msiba wa Mama. Nilikwambia magari yapo, barua yako ikazungumzia pasipoti. Sikusema siku ile, nasema leo. Video hii ni ya mwisho, nimebaki nayo peke yangu, na mwenye ujuzi yuko nchi nyingine ananiuliza nimeona nini.

Lakini sitamwachia shamba. Hata ikibidi nikae chini ya kila mti na mkeka mpaka Novemba.

Mpwa wako,
Mama Gerson

*

Kabwe,
27 Agosti 2024

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ulichosema ni kweli, nami sitaleta pasipoti tena kuwa ushahidi. Niliondoka nikiwa na miaka ishirini na sita, nikisema nitarudi mkataba ukiisha. Mkataba uliisha mwaka 1979. Baada ya hapo kila mwaka uliongeza aibu ya mwaka uliotangulia, na aibu ikiwa kubwa mtu huiita shughuli.

Turudi kwenye kazi, maana humo ndimo ninamoweza kukufaa leo.

Faili zilifunguka mwezi wa sita. Hazifunguki mwezi wa nane. Uzito haukubadilika, diski nzima. Basi kuna mkono uliopita katikati. Sijali ni wa nani. Niandikie mambo mawili. La kwanza, kila kitu kilichofanywa kwenye laptopu ile kati ya siku zile mbili, hata kama ni kupangusa vumbi. La pili, ninakilie majina ya faili zote kumi na moja kama yanavyoonekana kwenye kioo, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Usifupishe.

Mjomba wako,
Cuthbert

*

Newala,
3 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako niliisoma siku ileile. Nilikuwa naogopa kuijibu.

Hakuna aliyegusa laptopu ila mimi. Siku ya arobaini, watu walipokwisha kula na kutawanyika, nilikaa studio nikafungua folda. Faili zilikuwa na majina ambayo simu huwapa watu wote, VID na namba. Mama yangu alikuwa namba 0412. Harusi ya Jumamosi ilifuata kwa mfuatano uleule wa namba, bibi harusi na Mama foleni moja. Sikuweza kumwacha hivyo. Nikafuta kila kilichoandikwa na kumwandika kwa heshima yake. Kompyuta iliniuliza kitu kwa Kiingereza, nikakubali bila kusoma. Mara kumi na moja iliniuliza, mara kumi na moja nikakubali.

Majina ni haya, yako yote kwa mtindo mmoja:

Marehemu Mama Oscar na mikorosho ya mpakani
Marehemu Mama Oscar na mkorosho wa Oscar
Marehemu Mama Oscar na mkorosho wa Helena

Na mengine nane. La mwisho ni Marehemu Mama Oscar na mkorosho wa Mjomba Cuthbert.

Mjomba, je, ni mimi niliyemwua mara ya pili?

Mpwa wako,
Mama Gerson

*

Kabwe,
3 Septemba 2024, saa nane mchana

Mpwa wangu, marahaba.

Hukumwua. Kaa hapo hapo ulipo na ufanye haya.

Majina ya simu yalikuwa na mkia: nukta, kisha mp4. Mkia ule ndio unaoiambia kompyuta kwamba hii ni video. Ulipofuta kila kilichoandikwa, uliufuta nao. Tangu siku ile kila programu inaziangalia faili zako na haijui zifunguliwe kwa njia gani, kwa hiyo inazikataa. Ndani hazijaguswa. Hicho ndicho kitu ambacho kompyuta ilikuuliza.

Chukua nakala moja. Mwishoni mwa jina, bila kuacha nafasi, andika .mp4. Ifungue. Ikifunguka, fanya zilizobaki. Neno marehemu liache, halina kosa. Ni heshima, na mtu wa huku angekaa mwezi mzima asigundue mkia ulipopotelea, kwa kuwa hangeona sababu ya kumwondolea mama yake namba.

Zikifunguka, kuna jambo moja gumu kuliko hilo. Usizihariri. Najua ulikwisha kuanza kupanga, kupunguza kikohozi, kuondoa kuku na mahali Yuster alipojikwaa maneno. Yarudishe yote. Nimelishwa na mkasi miaka arobaini na ninaujua: ukiondoa sekunde moja tu, Bartholomayo atauliza sekunde hiyo ilikuwa na nini, na atakuwa na haki. Peleka faili kumi na moja kama zilivyotoka kwenye simu. Wala usiandike tafsiri chini, Mzee Ladislaus wa baraza anakielewa Kimakua cha dada yangu kuliko utakavyokiandika.

Baraza siku hizi halihukumu, linapatanisha tu. Lakini litakachoandika ndicho kitakachosomwa wilayani. Omba likae shambani.

Nijulishe hata kwa neno moja.

Mjomba wako,
Cuthbert

*

Newala,
3 Septemba 2024, saa kumi

Zimefunguka.

M. G.

*

Newala,
13 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Hatujambo, na maji yametoka jana kwa saa mbili, watu wakapiga vigelegele kama harusini. Natumaini nanyi wazima. Sasa nikueleze baraza.

Mzee Ladislaus alikubali kuja Lisekese. Laptopu niliiweka juu ya kinu kilichogeuzwa. Jua lilikuwa kali, kioo hakionekani, ikabidi dada yangu Helena na mimi tuwafunike wazee kwa kanga mbili. Wakainamisha vichwa humo ndani, wazee watano wenye mvi. Chrispin alikuwa amekuja kututazama. Akasema, "Wazee wetu leo ni wali wa unyago. Nani atawaimbia?" Hata Bartholomayo alicheka, akajirudi.

Tulikwenda kama Mama alivyokwenda. Kila faili tuliifungulia chini ya mti wake. Kikohozi kilikuwapo na kuku walikuwapo. Mti wa tano, Mama aliweka kiganja akasema, "Huu ni wa Oscar." Akalipapasa gome juu na chini. Nakiri ile sehemu nilikuwa nimeikata mwezi wa sita. Halafu akasema, "Hapana, macho haya yananidanganya. Wa Oscar ni ule, wenye kovu. Aliupiga panga akiwa na miaka saba. Nikamchapa, halafu nikalia mimi."

Mzee Ladislaus akatoka kwenye kanga, akaenda kwenye ule mwingine, akazunguka shina. Kovu lipo kimo cha kiuno cha mtu mzima, limefunga kama mdomo wa mzee. Akaingiza vidole vyake humo.

Bartholomayo akasema picha za studio hukatwa na kuunganishwa, kila mtu anajua. Mzee Ladislaus akamjibu bila kugeuka, "Mtu aliyekata angeacha kosa la mama yake ndani?"

Mti wa mwisho ni wako. Sikukuandikia alichosema kwa sababu nilitaka ukisikie mwenyewe, lakini faili ni nzito na mtandao wetu unaujua. Nakuandikia kama alivyosema:

"Huu ni wa kaka yangu Cuthbert. Shimo nilichimba peke yangu, wiki aliyoondoka. Hauzai sana. Kila mwaka wananiambia ukatwe uwe kuni. Nimekataa. Anayetaka kuukata aje aniulize mimi."

Baraza limeandika kwamba miti imetajwa na aliyeipanda, na kila alama aliyoitaja imeonekana. Bartholomayo amekataa kuweka sahihi. Anakwenda wilayani. Kabla ya kuondoka alisimama chini ya mkorosho wako, akaupiga teke kidogo, akauliza, "Mwenye huu yuko wapi? Jina tupu." Safari hii nilikuwa na jibu. Nilimwambia jina hilo ndilo lililomfungua Mama.

Lakini chini ya mti wako hapajafagiwa, Mjomba. Miti ishirini na miwili tumeigawana, mimi na Helena na watoto wetu. Huo tumeuacha. Si wetu kuufagia.

Mpwa wako,
Mama Gerson

*

Tunduma, stendi,
22 Septemba 2024

Mama Gerson, marahaba.

Hatujambo. Mkaza mjomba amebaki, kwa sababu ya magoti. Hapa mpakani kijana wa uhamiaji aliangalia pasipoti yangu, akaniuliza naja Tanzania kwa shughuli gani na kwa siku ngapi. Nikamwambia nimekuja kufagia. Akaandika "ziara ya familia" na kunipa siku tisini. Korosho zangu zitakuwa zimekwisha kuanguka kabla siku hizo hazijaisha, kwa kuwa mti wenyewe hauzai sana.

Leo nalala hapa. Kesho Mbeya na Songea, kisha Tunduru, kisha Masasi. Nimebeba miwani miwili na barua zako zote nilizozichapisha, ila fagio sikubeba. Nitafutie la chelewa, la mpini mrefu, maana kiuno hakiinami.

Usimguse Bartholomayo wala usimjibu tena sokoni. Ukikutana naye, msalimie vizuri, ni baba yako mdogo. Halafu mwambie kwamba lile jina tupu limepanda basi.

Mjomba wako,
Cuthbert