Sakoshi ya Paris Dukani kwa Mama Gisèle

Mama,

Sombe, majani ya muhogo, iko kwenye moto wa makala, uiongeze maji. Mutoto Munguakonkwa asiguse mawese.

Kwa heshima zote nakutangazia kwamba sakoshi, ule mkoba wako wa Paris, imefufuka. Ile uliyoniahidi siku nikipata diplôme, niliyoibeba kichwani mpaka Sake wakati wa volkano. Ulisema waasi walikunyang'anya kwenye barrière yao, kile kizuizi cha barabarani Kibati. Kule internat, shuleni kwa bweni, wasichana wa dortoir nzima tuliisalia novena!

Asubuhi hii nimeikuta dukani kwa Mama Gisèle, anayewasaidia watu kuuza vitu vyao vilivyotumika. "Mama yako aliileta mwenyewe," akaniambia. Waasi walituchukulia vingi, lakini hii umeichukua wewe.

Mteja alikuwa ameishaishika. Nikamwambia kwa upole: "Mama, usijichoshe, hiyo ni ya bandia, ya Guangzhou kule China, gundi itaachia kabla ya Noeli." Akaiweka chini, akaenda.

~~Sirudi tena.~~ Niko kwa Tantine Mwavita, nitarudi kabla ya giza.

Najua tangu banki zifungwe unahangaika. Ungeniambia ukweli, ningeipeleka mwenyewe na kuwaapia wateja wote kwamba ni ya kweli.

Binti yako mukubwa